Dawa ya Kugandishia Pweza

Valentini hakwenda kwenye semina ile ya Kilwa Masoko kutafuta elimu. Alifuata posho na wali kuku, kama alivyokwisha kuhudhuria semina za ufuta, za visima, na hata moja ya akina mama wanaonyonyesha. Ila siku hiyo mtaalamu alisema jambo lililomfanya aache paja la kuku hewani.

"Nyama ikiganda," alisema mtaalamu, "maji yaliyomo kwenye seli zake, vile vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, yanageuka sindano za barafu na kuzipasua. Ndiyo maana samaki akiyeyuka anakuwa tepetepe. Lakini ipo mimea yenye sukari na utelezi wa kuzikinga."

Wachuuzi wa samaki walioalikwa walikuwa wanasinzia. Valentini, mzaliwa wa Newala, ambaye bahari aliijua kwa kuipita ndani ya basi, aliona neema imeshuka. Akachemsha mlenda, akachanganya na maji ya miwa, akajaza dumu na kubandika karatasi: SELIKINGA. Hata yeye hakuamini kama ingefanya lolote.

Aliyemlenga ni Bi Shamimu, mchuuzi wa hapo Masoko mwenye friza mbili na pikipiki nyekundu mpya, mama ambaye hata kichwa cha dagaa hakitupi kabla ya kukitafutia mnunuzi. Ile pikipiki ndiyo iliyomtoa Valentini udenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama ni mchango, sina."

"Mchango wapi, mama! Nimekuletea sayansi."

Akammwagia seli, sindano na utelezi. Wakakubaliana: dawa ijaribiwe kwa kilo thelathini za pweza walioagizwa na hoteli. Ijumaa wakitoka salama, Valentini ampe dumu, yeye apewe pikipiki. Aliyechagua pweza ni Valentini mwenyewe, mjanja wa watu! Alishapeleleza kwamba pweza wa friza ya Bi Shamimu hutoka laini siku zote. Dawa isipofanya kitu, sifa angezoa yeye.

Ijumaa wakayeyusha mmoja, wakampika saa mbili nzima. Bi Shamimu akatafuna. Valentini akatafuna. Wakatazamana, wakaendelea kutafuna. Hata kandambili ingekuwa imeshatafunika.

"Wewe," akasema Bi Shamimu polepole, "unajua pweza hupigwa kwenye mwamba?"

"Hupigwa? Kwani amekosa nini?"

Masikini! Watu wa pwani humtwanga pweza mpaka alainike. Bi Shamimu aliacha kutwanga siku aliyonunua friza, maana zile sindano za barafu ndizo zilizokuwa zikimpasulia nyama. Sasa hazikupasua kitu. Dawa ya uongo ilikuwa imefanya kazi! Bi Shamimu alilielewa hilo kabla hajatema kile kipande. Akashika kichwa, akapiga yowe.

"Uwiii! Umewatia nini pweza wangu? Sema kabla sijaita watu!"

"Mlenda, mama! Mlenda na maji ya miwa!"

"Kiasi gani?"

"Mafungu mawili kwa lita moja!"

"Unachemsha?"

"Dakika kumi tu! Nisamehe, mama yangu!"

Mtu mwenye utulivu angejiuliza kwa nini mama anayelia anauliza vipimo na kuviandika kwenye simu. Valentini hakujiuliza. Aliacha dumu, akaiaga pikipiki kwa macho, akala kona mpaka Nangurukuru. Nyuma yake Bi Shamimu alifuta macho makavu, akachukua mchi na kuwatwanga pweza waliobaki. Hoteli ikala, ikasifu.

Mwezi uliofuata, Valentini alikuwa Lindi kwa Helena, mama ntilie, akila changu mtamu hadi analamba vidole.

"Huyu kavuliwa asubuhi, eti?"

"Wapi! Ana wiki tatu kwenye barafu. Wa Bi Shamimu wa Masoko huyo, ana dawa yake. Mpaka Dar wanampigia simu. Tena nasikia alipewa bure na mtu mmoja. Kampa dawa, kampa na vipimo, halafu akakimbia yeye!"

"Mtu gani huyo?"

"Simjui. Mungu amlinde tu, maana akili hana."

Valentini akasogeza sahani yake mbele.

"Amina," akasema kwa sauti ndogo, akaomba aongezewe mchuzi.