Jinsi Tulivyoupinga Ufashisti Bila Kumkera Mtu

Ninayo heshima kuutangazia umma wa wafanyakazi kwamba Chama cha Makuli na Wachukuzi wa Dublin, ambacho mimi, Bartholomew Geraghty, nilikuwa Katibu Mkuu wake, kiliupinga ufashisti mwezi Septemba mwaka 1936, kwa ukamilifu, kwa sauti moja, na bila kumkera mtu yeyote. Mafanikio haya hayakuja hivi hivi. Yalihitaji kamati.

Kamati ya Ufashisti wa Ng'ambo ilikaa chini ya uenyekiti wangu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuuchambua ufashisti nchi kwa nchi, maana mtu makini hapingi kitu kwa jumla jumla. Italia tuliiweka kando, kwa kuwa ndiko anakoishi Baba Mtakatifu, na si adabu kuzomea mtaa anaokaa mzee wako. Ujerumani hununua ng'ombe wetu, na ng'ombe hana itikadi. Kuhusu Hispania, Monsinyori Hanratty wa parokia yetu alikwisha kutuambia madhabahuni kwamba majenerali wale wanaipigania Imani. Vijana wa mashati ya buluu wanaopiga saluti hapa hapa mjini walikuwa nje ya hadidu za rejea, kwani hapa si ng'ambo. Baada ya mchujo huo tukabaki na Bulgaria. Hatukuwa na uhakika kama huko ufashisti upo, lakini tuliulaani vikali, endapo ungekuwepo.

Mambo yalikuwa shwari mpaka ufashisti ulipokuja wenyewe gatini, bila miadi.

Ilitia nanga meli ya Hamburg, imekuja kuchukua ng'ombe. Baharia wake mmoja, Ewald Brandes, alishuka na hakurudi. Huko kwao alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi, kabla vyama vyote havijafutwa na viongozi wake kusombwa. Kapteni alikuwa amemfuma na vijikaratasi vya siri ndani ya godoro, akamwahidi kwamba wakifika Hamburg kuna mabwana watampokea. Ewald akajificha kwenye ghala la gatini. Kapteni akaenda polisi, karatasi ikapigwa muhuri: ghala lipekuliwe, baharia arudishwe melini kabla maji hayajapwa jioni.

Lar Tuohy, kuli wa miaka mingi mwenye mabega ya kuziba mlango, akanijia ofisini.

"Bwana Katibu, tunaweka zana chini. Yule Mjerumani harudi kwenye meli ile."

"Ndugu Tuohy, suala la Ujerumani limo kamatini."

"Kamati itamaliza lini?"

"Tumefika Bulgaria."

"We mzee, unanisikia? Wakimrudisha wanamuua! Kanieleza mwenyewe, mwenyekiti wa tawi lake alirudishwa kwa mkewe ndani ya kopo."

"Kopo la nini?"

"La majivu, Bwana Katibu. Na mama wa watu akaambiwa atie sahihi kwamba kapokea."

Habari hiyo ilinigusa sana, ndiyo maana nikaagiza isiingizwe kwenye kumbukumbu za kikao. Lakini uongozi ni kuona mbali. Mgomo ungemuudhi Waziri, ungewaudhi wenye ng'ombe, na zaidi ya yote ungemuudhi Monsinyori. Kukaa kimya nako kungewaudhi makuli, ambao ndio wenye kura. Hapo ndipo nilipopata ile fikra ambayo hadi leo sijaona ya kuifikia: badala ya kugoma, tusali Rozari. Makuli wapige magoti gatini, wasali, wapoe, na askari wafanye kazi yao baadaye kwa utulivu.

Monsinyori nilipompelekea wazo hilo alifurahi mpaka akanimiminia wiski.

"Hatimaye," alisema, "chama cha wafanyakazi kimeijua kazi yake." Akaibariki sala hiyo, na akataka ijulikane kwamba ameibariki.

Nia ya sala niliitunga mwenyewe, na naomba msomaji aitazame vizuri: *kwa ajili ya kila msafiri, afike salama.* Hakuna aliyetajwa. Hata kapteni angeweza kuitikia amina.

Niliporudi kuwasomea makuli, Lar aliniangalia. Halafu akamwangalia Bid Fagan, mama muuza samaki aliyekuwa amesimama mlangoni, ambaye yeye na wenzake huhifadhi vikapu vyao katika ghala lile lile.

"Na vikorombwezo vitakuwepo?" akauliza Bid.

"Bibi Fagan, kwani sisi wapagani?"

Vikorombwezo ni zile sala za nyongeza ambazo kila nyumba ya kwetu huzifuatisha baada ya Rozari: kwa marehemu bibi, kwa mjomba aliyeko Boston, kwa mguu wa jirani. Kila aliyepiga magoti ana haki ya kuongeza ya kwake, na hakuna anayeinuka kabla havijaisha, hata kama viazi vinaungua jikoni. Bid alitabasamu, nami nikamrudishia tabasamu.

Jioni gati lilijaa. Sajini Prunty na askari wake walikuwa wamejipanga mbele ya ghala.

"Afande," Bid akamwambia, "tuingie tuchukue vikapu, samaki watatuozea humo."

"Haya, fanyeni upesi, mama."

Wakaingia na mashali yao makubwa meusi vichwani. Walipokuwa wanatoka nikaanza Ishara ya Msalaba, na gati zima likashuka chini. Makuli walipiga magoti kutoka ukutani mpaka ukingoni mwa maji, mlango wa ghala ukawa nyuma yao. Sajini Prunty akavua kofia. Akapiga magoti. Askari wake wakafuata, kwa sababu nao wana mama zao.

Katika tendo la pili la uchungu la Rozari kapteni akaja mbio, anapiga kelele na kuonyesha karatasi yake yenye muhuri.

"Shh!" Sajini akamwambia. "Huoni Bwana wetu anapigwa mijeledi?"

Mimi ndiye niliyeliona buti. Nyuma kabisa, kati ya wauza samaki, alikuwepo mama mmoja mrefu kupita kiasi, na chini ya shali lake lilichomoza buti la baharia, zito, la Kijerumani kabisa. Nilitaka kusema. Lakini nilikuwa katikati ya Salamu Maria, na mtu hakatizi Salamu Maria ili aseme buti. Ikaisha hiyo, ikaanza nyingine. Nilisali kwa hasira ambayo wengi waliidhania uchaji.

Kisha vikaja vikorombwezo. Lar aliwaombea wazazi wake, na wa mkewe, na farasi wa chama aliyekufa majira ya baridi. Kuli mmoja alimwombea kila mtu wa mtaa wake kwa jina na namba ya mlango. Sajini naye, sijui shetani gani alimpitia, akaongeza moja kwa ajili ya mama yake kule Leitrim, akalia. Maji yakaanza kupwa. Ng'ombe wakawa wanabweka melini kwa njaa, maana kubweka ndilo neno pekee linalofaa sauti ile. Kapteni aliangalia maji, akaangalia migongo ya watu waliopiga magoti, akatukana, akakimbilia ngazini.

"Na kwa wote walioko baharini," akasema Bid, meli ikiondoka.

"Amina," likaitikia gati.

Giza lilipoingia tuliinuka. Wauza samaki wakaondoka na vikapu vyao.

"Yule mrefu nani?" Sajini akauliza, akisugua magoti.

"Shangazi yangu wa Drogheda, Afande. Bubu, masikini."

Ghala likapekuliwa kwa makini sana. Ilipatikana kofia moja ya baharia.

Kesho yake Wizara ikamuuliza Monsinyori, naye akaniita. Safari hii hapakuwa na wiski.

"Geraghty, ile ilikuwa sala au ujanja?"

"Kwa mtazamo wa chama, Baba..."

"Kama ni ujanja, mimi ndiye niliyeubariki. Na kama ni sala..." Akanywa maji.

Jumapili, baada ya Misa, mimi na Monsinyori tulimkuta Bid Fagan kwenye ngazi za kanisa, na nyuma yake makuli wote, kofia mkononi. Parokia nzima ikasimama, pamoja na bwana mmoja wa Wizara mwenye koti zuri.

"Baba," akasema Bid kwa unyenyekevu, "tuliomba msafiri afike salama. Basi kafika, na tusiulizane wapi. Tunachotaka kujua, sala yetu ilijibiwa?"

Monsinyori akanigeukia. "Katibu atawaeleza."

"Suala hilo," nikasema, "limo kamatini."

"Kamati ya wapi tena, ya mbinguni?" akauliza Lar, na watu wakacheka, mlangoni pa kanisa, siku ya Bwana.

"Maana kama haikujibiwa," Bid akaendelea, "ina maana Mama Bikira alitupuuza na sisi tumepiga magoti saa zile zote. Au vipi, Baba?"

Monsinyori aliwaka wekundu kuanzia kwenye kola kwenda juu. Akamtazama bwana wa Wizara. Bwana wa Wizara akatazama viatu vyake.

"Ilijibiwa," akasema.

"Kwa sauti, Baba, wa nyuma hawajasikia."

"Ilijibiwa!"

Parokia nzima ikafanya Ishara ya Msalaba, na bwana wa Wizara naye, angefanyaje?

"Sifa kwa Mungu," akasema Lar Tuohy. "Maana Alhamisi kuna meli nyingine ya Hamburg, na Rozari ya siku hiyo tungependa uiongoze wewe mwenyewe."

Alhamisi ilinyesha tangu asubuhi. Monsinyori Hanratty alipiga magoti gatini juu ya gunia, katikati yangu na Lar, ambaye kufikia hapo alikwisha kuwa Katibu Mkuu. Rozari ikaisha, mbingu zikamwagika, na Monsinyori akaanza kuinuka. Bid Fagan akamshika joho, taratibu, kwa heshima zote.

"Bado, Baba," akasema. "Ndio kwanza tunaanza vikorombwezo vya wafungwa wa Hispania."