Ombi la Kufuta Waumini Kuanzia Nambari 42

Ofisi ya Karani,
Kanisani, Diani.
4 Machi 1999

Kwa Baba Askofu,

Shikamoo Baba. Ninakuandikia kwa heshima. Jumapili ya tarehe 14 unakuja kuwawekea mikono waumini wapya 162, nami karani natakiwa kutia sahihi kwamba kila mmoja ameletwa na imani. Sahihi hiyo imenishinda, kwa sababu hizi:

1. Hadi Juni mwaka jana kanisa hili lilikuwa na waumini 41. Mwezi huo mfadhili akatuletea kompyuta yenye intaneti, na Mchungaji Kiilu akaamuru itumiwe na waumini peke yao. Leo kitabu kina majina 203. Katika ripoti Mchungaji ameandika kuwa huu ni uamsho.

2. Vijana wanaotembeza watalii ufukweni wamejaa katika darasa la ubatizo. Nikiwauliza kama wako tayari kuungama, hunijibu, "Niunganishe tu, karani, Helga anangoja kwao Ulaya." Mwanzoni nilidhani ni kosa la matamshi.

3. Neno la siri la kompyuta hubadilishwa kila juma, na Mchungaji hulitangaza mwisho wa mahubiri. Ndiyo maana hakuna anayetoka mapema. Huwa ni aya ya Biblia, nao huikariri bila kupumua, kwa kuwa kompyuta haitaki nafasi kati ya maneno. Mama Kavenya, muumini wetu wa tangu zamani, anaamini wananena kwa lugha. Amefunga siku tatu ili naye ajaliwe.

4. Januari mbega waliukata waya wa simu, intaneti ikapotea. Jumapili mbili mfululizo tulikuwa watu 38. Waya ulipotengenezwa wote walirudi, na mmoja akatoa ushuhuda wa jinsi alivyokuwa gizani.

5. Mahir wa Shimoni, Mwislamu, ameniomba kwa adabu nimwandike muumini wa Jumanne na Alhamisi tu, "maana Ijumaa, ndugu yangu, nina pangu." Nilimkatalia. Lakini katika wote waliokuja mezani kwangu, Baba, ni yeye peke yake aliyeniambia kweli.

Kwa hiyo naomba majina yote kuanzia nambari 42 yafutwe kabla hujafika, na kompyuta ihamishiwe tawi lisilo na simu. Mchungaji akijua nimeandika haya, kazi sina. Hata hivyo, sahihi ya uongo mbele ya madhabahu naiogopa zaidi.

Mfikishie salamu Mama Askofu na wote wa ofisini. Mama Kavenya naye anawasalimu, kwa sauti ndogo.

Wako mtiifu na mwenye hofu,
Muindi Kitonga,
Karani

N.B. Nikinakili majina ili niyaambatanishe na barua hii, nimeona kuwa nambari 42 ni mimi. Niliandikishwa siku mbili baada ya kompyuta kufika; kabla ya hapo nilikuwa nikisali katika kanisa la wenzetu ng'ambo ya barabara. Mchumba wangu Winrose yuko Uholanzi tangu Mei mwaka jana. Naomba kufuta kuanzie nambari 43, na kompyuta isiondolewe kabla ya Ijumaa ya tarehe 12 kupita, kwani amesema siku hiyo atanijibu.