Bao Moja Kabla Sijafa

Jumatatu, 9 Juni 2025
Moyo wangu umechoka, daktari hakunificha. Sina hofu. Nimefundisha hisabati, nimekula vizuri, na Selestina, mke wangu, bado ananipenda, kwa kugombana. Limebaki jambo moja: kumfunga jirani yangu Benedicto kwenye gemu la mpira la runingani, walau mara moja. Katekista mzima, lakini akinifunga hushangilia kama mhuni! Leo nilikuwa nakaribia kusawazisha, mashine ya gemu aliyoniletea binti yangu Yuster ikazimika. Kama kawaida yake. Benedicto akasema, "Mwalimu, hata mashine yako inakuonea huruma."

Jumanne, 10 Juni
Nimeitikisa. Wametoka mende! Wamefuata joto, wamezaliana humo. Dawa nimeipata, kwani mimi ni msomi: moshi. Selestina ana uchaga juu ya meko, anapoivishia ndizi za pombe. Nimeomba mashine ilale hapo. Akasema nikiharibu ndizi zake, sitasubiri moyo uniue.

Jumatano, 11 Juni
Ushindi! Mende wamekimbia wote. (Wamehamia kwenye kabati la vikombe. Selestina hajajua.) Kasha la mashine limepinda upande mmoja na linanuka ndizi mbivu. Lakini imewaka! Nikamwita Benedicto. Nikafunga bao. Nikapiga kelele hadi madereva wa malori yaendayo mpakani Rusumo wakageuka kule barabarani. Kabla ya kipenga cha mwisho, pu! Moshi tena, safari hii wa mashine yenyewe. Imekufa. Benedicto anasema mechi isiyoisha haihesabiwi. Nimemwita Farisayo.

Ijumaa, 13 Juni
Kelele zile zimenilaza kitandani. Benedicto amemleta Padre anipake mafuta. Nimeungama yote: hasira, wivu, mende. Kisha nikaomba tone moja kwa ajili ya mashine. Padre akasema mafuta hayo ni ya Wakristo wagonjwa. Nikamjibu kwamba ugonjwa inao. Kuhusu ubatizo tunaweza kuzungumza. Benedicto akatoka nje haraka. Nilimsikia akicheka.

Jumamosi, 14 Juni
Nimeamka nimepona nusu. Benedicto kaja na mashine ya mwanawe Renatus, toka Biharamulo mjini. Tumecheza hadi mwisho. Mbili kwa moja. Nimemfunga! Selestina anadai kipa wa Benedicto alisimama kama kichuguu. Wivu tu. Benedicto akanishika mkono, akasema, "Sasa pumzika, Mwalimu." Nipumzike vipi na mkono umekolea hivi? Nimemtaka turudiane kesho baada ya Misa. Akacheka, akaniachia mashine, akinisihi nisiiguse.

Nzuri sana, ila feni yake inanguruma. Nimeifungua kwa kisu cha mkate, nikaibana feni kwa kipande cha gunzi. Kimya kabisa! Zimebaki skrubu tatu. Bila shaka kiwandani walizidisha.