Syntiche wa Pepa Aliposhuka Ziwani Bila Kulowa

Njooni, enyi watu wa Kalemie na ninyi wa milimani! Tueni nyavu, tueni majembe, tegeni masikio, kwani habari hii ni kubwa kuliko kuta za chumba ilimotendeka.

Asubuhi ile Papa Germain, profesa wa mawe, simba wa chaki, aliingia darasani amekumbatia kaske, ile miwani minene inayofumba macho ya mtu na kumwonyesha dunia nyingine.

"Wanangu! Miaka kumi nafundisha, nanyi munasinzia. Leo mutashuka chini ya ziwa, na miguu yenu itabaki hapa kwenye saruji! Kila mumoja aokote jiwe, alitaje kwa sauti. Na weye Syntiche, mwaka muzima hukusema kitu. Leo usiposema, utarudia mwaka."

Moyo wa Syntiche ukapiga ngoma za vita. Tangu Oktoba hakuwa amefungua kinywa darasani. Tena alikuwa binti wa wafugaji wa Pepa, huko milimani, na maji mengi aliyaogopa.

Akatangulia Ruphin wa Zongwe, mwana wa wavuvi, mbabe wa mawimbi. Alivaa kaske, akajaza kifua pumzi, akaziba pua kwa vidole, akazama. Akapapasa hewa, mashavu yamevimba kama ya chura, mishipa imemsimama shingoni, hata akaing'oa kaske akihema.

"Nilikuwa karibu! Pumzi njo imenisaliti!"

Akafuata Éliane, mwogeleaji asiye na mfano. Naye akabana pumzi, naye akaanguka juu ya benchi. Mashujaa wa ufukweni wakaanguka mmoja mmoja, wameshindwa na ziwa lisilo na tone la maji.

"Syntiche!"

"Mumuache, Papa," Ruphin akacheka. "Huyu wa ng'ombe, hata beseni anaivuka na mutumbwi!"

Syntiche akavaa kaske. Maji yakamfunika, samaki akampita puani. Lakini kubana pumzi nani angemfundisha, huko Pepa kusiko na pa kuzama? Akavuta pumzi tu, kama achungaye ng'ombe. Akaitoa. Akavuta tena, na hakufa! Akainama, akaokota jiwe jeupe, ndugu wa yale ya Kabimba yanayosagwa kuwa saruji.

Akatazama kushoto na kulia: humo majini hamkuwa na uso hata mmoja wa kumcheka. Ndipo lango lililofungwa tangu Oktoba likafunguka.

"Njo jiwe la chokaa, Papa!"

"Rudia!" akanguruma Papa Germain, machozi yakimlenga.

"CHOKAA!"

Madawati yakapigwa hata vumbi likashuka darini. Ruphin akasimama mbele yake, ameinamisha kichwa.

"Mama, kule chini ulifanya namna gani?"

"Nilipumua."

"Mu maji?"

"Njo vile."

Basi na ikumbukwe na vizazi: siku hiyo, kabla ya saa sita, ziwa zima lilitekwa na binti mmoja wa Pepa. Ruphin akamtolea kitambaa chake ajikaushe. Na Syntiche, mkavu kama unga, akakipokea, akajipangusa taratibu, paji la uso hadi shingoni, mbele ya watu wote.