Nimejisaka Mwenyewe Kasansa

Jamani, leo nimejisaka mwenyewe. Nimekimbia na fimbo mkononi, mimi na wanaume kama thelathini, tukimtafuta mwizi wa ng'ombe, na mwizi ni mimi.

Mnakumbuka zile picha alizotuonyesha Mwalimu chuoni kabla hajanichagua nije naye huku Mpanda? Mama anakamua, wazee wanabishana, na hakuna hata mmoja anayetazama kamera. Nyie mkasema ana bahati. Mimi (mjuaji wenu) nikawaambia anajificha. Kumwuliza mwenyewe nikaona aibu, maana nilishajifanya namwelewa.

Basi asubuhi tumefika Kasansa, kwenye boma la Wasukuma wenye ng'ombe wengi kweli kweli. Mwalimu akaketi uani, akapewa maziwa, maongezi yakaanza. Nikasema moyoni, huyu leo kaamka mvivu. Nikamwomba kamera ya pili, ile ya lenzi ndefu. Akanipa, akaniambia nikipoteza hata kifuniko chake nitarudi chuoni kwa miguu. Nikazunguka nyuma ya zizi, nikalala kifudifudi kwenye majani marefu.

Nimelala pale kama saa nzima. Siafu walinigundua mapema kuliko watu. Nikapiga picha tatu za mama mmoja akikamua. Nilipotaka ya nne akageuka, akayakazia macho yale majani.

Nikatambaa kinyumenyume mpaka kwenye mahindi, nikainuka, nikaitia ile kamera begini, nikajipangusa, nikatokea njia kubwa kama mtu aliyetoka kujisaidia. Hapo ndipo nikasikia yowe, halafu filimbi. Kumbe wiki iliyopita kijiji cha jirani waliibiwa ng'ombe, na tangu siku hiyo sungusungu, wale walinzi wa kijiji, wanalala na filimbi shingoni.

Wanaume wakatoka kila upande na mikuki na marungu. Mwenye akili angeuliza kuna nini. Mimi nikaona picha! Nikajiunga nao, nakimbia huku napiga kwa kamera yangu ndogo. Kamanda wao, mtu mrefu aliyevaa koti zito kwenye jua lile, akafurahi kuniona. Akanipa fimbo, akaniweka mbele kabisa, ili mwizi akikamatwa nimpige picha kabla uso haujaharibika. Nikacheka. (Nilicheka, jamani.)

Tukiwa tunapanda kilima ndipo nikamwuliza wa kando yangu huyo mwizi yukoje. Akanieleza bila kupunguza mwendo: Mama Kulwa alikuwa anakamua, akamwona kwenye majani, mfupi, shati la kijani, ameshika bunduki nyeusi anamlenga.

Nikatazama shati langu.

Nimewahi kuogopa mbwa, nimewahi kuogopa mtihani, lakini hii ilikuwa nyingine. Begi nikalihamishia kifuani kufunika ule ukijani. Nilitaka kusema ukweli, ila unaanzaje kuwaambia watu wenye mikuki kwamba wasihangaike, wanayemtafuta ni wewe? Kutoroka siwezi, wameniweka mbele. Nikaendelea kukimbia, tena kwa bidii kuliko wenye ng'ombe, nikiomba Mungu tusimwone yeyote.

Kilimani hatukukuta mtu, tukashuka hadi nyuma ya zizi, kwenye majani yaliyolala. Kamanda akainama, akaokota kitu cheusi cha duara. Wengine wakarudi nyuma hatua mbili. Mimi, ambaye muda wote huo begini nilikuwa na ile kamera ya Mwalimu haina kifuniko na sijui, nikakitambua. Mdomo ukatangulia akili.

"Afadhali! Hicho changu," nikasema, na mkono nimenyoosha.

Kamanda akatazama kifuniko, akatazama shati, akatazama urefu wangu (yaani ufupi).

"Chako?"

Nikasema ndiyo. Halafu nikasema hapana. Halafu nikapiga magoti bila kuambiwa, na ile fimbo yao bado nimeikumbatia. Mama Kulwa akafika, akasema ndiye huyo huyo. Mikuki ikanizunguka. Nikalia, nyie, nikamwita mama yangu aliyeko Morogoro, na kamasi juu.

Nilipoinua macho nikamwona Mwalimu anakuja polepole. Akawaeleza kwamba mimi ni mwanafunzi wake na ile bunduki ni lenzi. Kamanda akataka kujua kwa nini nijifiche wakati mwenzangu yuko uani anakunywa maziwa. Nikajibu kwa kwikwi kwamba sikutaka wanione, ili wasitazame kamera, kama kwenye picha za Mwalimu.

"Mimi nakaa nao tu," Mwalimu akasema. "Wananichoka. Wakishanichoka hawanitazami tena."

Walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Mama Kulwa akaniletea maziwa, akaniambia siku nyingine nikitaka kumwona anakamua, nije kwanza nimwamkie.

Mngedhani yameishia hapo. Jioni hii, tukiwa tunarudi mjini, Mwalimu ameniambia kwamba alipofika pale hakuanza kuniokoa. Alianza kupiga picha. Moja tu: mikuki, kamanda, na mimi katikati na kamasi. Anasema ndiyo bora ya safari nzima, itatundikwa chuoni mlangoni, maana hakuna hata mmoja aliyetazama kamera, na mimi ndiyo kabisa.

Kwa hiyo mkiikuta, piteni kama hamumjui yule mfupi wa shati la kijani. Atakayecheka ajue kwamba fimbo kamanda ameniachia.