Safari ya Daraja la Mungu

Alhamisi, 13 Agosti 1992
Ukungu tena. Nimechoka kuuza sabuni. Siku hizi biashara ni ruksa kwa kila mtu, nami nakitaka kile kiwanja cha baba kando ya barabara. Hoteli ya watalii! Mzee anauliza watalii gani, yeye hajawaona. Basi Jumamosi nampeleka Daraja la Mungu, akawaone wakiushangaa ule mwamba uliovuka mto Kiwira wenyewe. Kaka Ambwene kajialika. Naye anakitaka kiwanja, apande chai. Chai! Kana kwamba Rungwe ina upungufu wa chai.

Ijumaa, 14 Agosti
Mke wangu Sekela kasikia. Anasema tangu nimuoe sijamtembeza popote, kwa hiyo anakuja. Balaa! Mzee na mkamwana wake hawaonani. Ni mzee wa kanisa, lakini kwa mila hiyo hana mchezo: mkamwana akimwona baba mkwe, ajifiche. Nimepanga. Mzee mbele na dereva wa pikapu, Sekela nyuma chini ya turubai, pamoja na ndizi za kuchemsha. Akili ninayo, basi tu watu hawaioni.

Jumamosi, 15 Agosti
Hoi. Mzee alivuka mwamba, akapotelea migombani. Nikamtoa Sekela. Akafika katikati, akayaona maji yakinguruma chini ya jiwe, akacheka peke yake. Miaka sijamwona akicheka vile. Mara Mzee huyo anarudi, ana njaa. Kwenda nilikupanga. Kurudi sikukupanga!

Sekela akajifunika kanga gubigubi, akachuchumaa palepale. Mzee akageuka, akautazama mgomba. Hakuna aliyesogea. Watalii wakaja kweli, wawili, wakaacha mwamba na kuupiga picha mgongo wa Mzee. Nikamkimbilia na ndizi. Akasema gwe, wewe, niondolee ndizi zako. Ambwene akaleta turubai, akalinyanyua likawa ukuta, Sekela akapita nyuma yake. Rahisi hivyo!

Njiani Mzee akampa Ambwene kiwanja. Mbele ya dereva! Lakini kilichoniumiza ni Sekela. Tulipofika nyumbani akasema hata mto hakuumaliza kuutazama.

Jumapili, 16 Agosti
Mwili wote unauma. Nimemwahidi Sekela safari nyingine, na Mzee nitamtuliza humohumo, huenda akabadili mawazo. Ziwa Kisiba! Hakuna daraja la kukutania. Nimeshaongea na mwenye mtumbwi. Mtumbwi ni mwembamba, lakini mwenyewe anasema tukibanana tutaenea wote.