Puju wa Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Juni

Leo nimesema vizuri mno. Ndani ya bai, nyumba yetu ya mikutano, mbele ya machifu, nimetetea bul, ile marufuku ya kuvua puju, samaki mwenye pembe, kwenye mwamba wetu. Nikawaeleza: puju hukua haraka utotoni, kisha umbo husimama hapo hapo, naye huishi miaka mingi, hata kufikia umri wa mtu mzima. Ndiye anayekula mwani usifunike matumbawe. Tukimmaliza, mwamba utageuka kichaka. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nimeteuliwa msimamizi wa walinzi wa mwamba. Mwanyumba wangu Sechelong, mume wa mdogo wa mke wangu, hakupiga makofi.

Jumatano, 7 Juni

Mama mkwe katoka hospitali. Hali kitu. Anatamani puju wa kuchoma, basi. Sechelong akamwambia ni marufuku, akamletea jodari. Jodari! Nikaona nafasi yangu.

Alhamisi, 8 Juni

Walinzi nimewapa mapumziko. Msimamizi ana uwezo huo. Alfajiri nikaenda mwambani kwa boti yao. Nimempata mmoja, mkubwa, pembe hii hapa. Wakati wa kumchomoa kwenye mkuki nikashika mkia. Nilisahau visu vya mkiani mwake. Kiganja kimechanika vibaya.

Nikakata pembe, nikamchuna, nikamwambia mke wangu Ebil ni samaki changu. Akauliza mkono una nini. Nikasema nimejikata shambani, kwenye magimbi. Huku kwetu magimbi wanalima wanawake. Mimi hata njia ya kwenda huko siijui.

Mama akala tonge moja, akafumba macho. Akasema puju kama huyu, marehemu mumewe alikuwa akimletea. Kisha akauliza, "Alikuwa mkubwa?"

Nikasahau habari za changu. Nikajisifu: mkubwa sana, mama.

Akaisukuma sahani. "Basi huenda ni rika moja na Ebil. Mmalize wewe, baba."

Nimemla mbele yake mpaka mifupa. Alikuwa mtamu. Hilo ndilo linaloniumiza.

Jumamosi, 10 Juni

Boti ya walinzi ilionekana mwambani. Tumeitwa wote kwenye bai. Chifu akauliza nani alivua. Nikauficha mkono wenye bandeji nyuma. Sechelong akasimama, akasema ni yeye, mama alikuwa mgonjwa. Amenyang'anywa mkuki. Amefungiwa bahari mwaka mzima.

Nje nikamfuata. Kwa nini, mwanyumba?

Akatazama bandeji yangu. "Watu wameikubali bul kwa maneno yako. Ukianguka wewe, nayo inaanguka. Sikukuokoa wewe, bwana. Nimewaokoa puju."

Nilitaka kurudi ndani. Miguu ikaenda nyumbani.

Jumapili, 11 Juni

Sijalala. Mama ananigeuzia mgongo. Ebil ananiwekea chakula, anaondoka. Nimeamua: kesho naenda kwa chifu, naeleza kila kitu.

Jioni. Chifu kaja mwenyewe. Kanisifu kwa ulinzi imara, anataka nikazungumze mjini Koror mbele ya wageni. Nikakubali. Ukweli utasubiri nirudi.

Ila Sechelong lazima nimwombe radhi, tena kwa kitu kinacholingana na kosa langu. Maskini, hana mkuki. Nimekumbuka anavyopenda kumla yule pono mkubwa mwenye nundu kichwani. Ni kweli, huyo amekatazwa nchi nzima. Lakini usiku analala usingizi mzito mno. Hatajua hata nani kampiga.